Kuku Aliyelala Sufuriani

Wajukuu wangu, wa damu na wa mtaani, ningewaambia mweke simu chini mnisikilize, lakini najua haya mtayasomea kwenye simu hizo hizo. Sawa. Someni hivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilitoka kwangu Njiru nikaenda Tassia kumwona mjukuu wangu Wangui. Amepanga chumba kimoja ghorofa ya tano, na nilipofika juu magoti yangu yalikuwa yameshagoma. Ni msichana msafi. Sakafu inang'aa, viatu vimepangwa mlangoni. Lakini mimi nikiingia kwa mtu, macho hutangulia kwenye sufuria kabla ya kumwona mwenye nyumba. Ni ugonjwa wa kazi. Nikafunua moja iliyokuwa juu ya meza. Maharagwe. Yalikuwa na povu jembamba juu, na harufu yake ilikuwa imeanza kuchacha.

"Haya ni ya lini?"

"Ya Jumapili, Shosh."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Hiyo ni ya wiki mzima," akaniambia. "Nikitoka job napasha tu kidogo, nakula, nalala."

Sikubishana naye. Nilibeba sufuria nikaenda nikayamwaga. Wangui alinuna mpaka chai ikapoa. Nikaona nisipomwambia sababu, atadhani nyanya yake amezeeka vibaya. Basi nikamweleza kisa ambacho sikuwa nimewahi kumweleza mtu chote. Alipomaliza kunisikiliza alisema, "Shosh, hii andika. Sisi wote kwa hii ploti tunapika Jumapili." Ndiyo sababu naandika.

Naitwa Nyambura. Kwa miaka ishirini na miwili niliwapikia wazee chakula cha mchana katika ukumbi wa kanisa moja huku Eastlands. Jina la kanisa nitaliacha. Kila Jumanne na kila Alhamisi walikuja watu arobaini hivi kutoka Makongeni, Kaloleni, Bahati na mitaa ya karibu. Kulikuwa na waliofanya kazi ya reli, waliofagia barabara za jiji kwa mshahara wa kanjo, makarani, mafundi cherehani, akina mama waliouza mboga hadi migongo ikakataa. Watoto wao walikuwa wametawanyika, huyu Kayole, yule Amerika. Kuna waliokula kwetu na kushiba, kisha siku zilizobaki wakaishi kwa chai na mkate.

Nilianza kazi hiyo nikidhani najua kupika. Nilikuwa nimelea watoto wanne na wote walikuwa wanene. Wiki ya kwanza nikawapikia githeri kama ya kwetu Nyeri, mahindi makavu, maharagwe na viazi. Nikapakua, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Nilipopita mezani baadaye, nikaona kila sahani imepambwa ukingoni kwa punje za mahindi, zimepangwa kama shanga. Walikuwa wamekula viazi na maharagwe, wakanyonya mchuzi, na mahindi wakayatoa mdomoni moja moja.

Mwisho wa meza aliketi Teresia, tuliyemwita Cucu, yaani nyanya. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote, mama mwembamba, mweupe wa nywele, meno yamebaki mawili tu na hayakutazamana. Alinishika mkono.

"Nyambura, maitu, mama yangu," akasema, "leo umetuletea chakula ama umetuletea kazi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka ingawa masikio yaliniwaka moto. Tangu siku hiyo nilijifunza kupikia kinywa kilichopo, si kinywa ninachokitaka mimi. Mahindi nikatumia yaliyokobolewa. Ndengu nikachemsha mpaka zivunjike zenyewe. Kuku nikamtoa mifupa kabla hajafika mezani. Lakini laini si sawa na kuchemsha chakula mpaka kife. Sukuma, kwa mfano. Ioshe ikiwa majani mazima, ndipo uikate, maana ukikata kwanza halafu ukaosha, uzuri wake wote unashuka na maji. Ikate nyembamba sana, uitie kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, dakika chache tu, sufuria ikiwa wazi. Ikigeuka rangi ya nguo za askari, umechelewa.

Basi katika mwaka wangu wa sita akaja Mzee Wafula.

Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mjane, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka vipi. Niliambiwa amestaafu reli. Sikuuliza alifanya kazi gani huko. Nilidhani labda alikuwa wa kupeperusha bendera stesheni, jinsi alivyosimama wima. Hakuwa msemaji. Alikula, akashukuru, akaondoka.

Wakati huo muuguzi mmoja alikuwa akija ukumbini mara moja kwa mwezi kuwapima wazee presha na sukari. Siku moja aliniita kando akaniambia wengi wao presha iko juu, na kwamba chumvi ninayotia kwenye mboga ni ya kupikia kijana anayebeba mawe. Nikapunguza. Wazee wakalalamika wiki mbili, kisha wakazoea, maana ulimi huzoea. Mzee Wafula hakuzoea. Na ni yeye aliyehitaji kuzoea kuliko wote. Miguu yake ilivimba hadi akawa anavaa viatu bila kamba.

Alhamisi moja nilimwona akitoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti. Akaifungua polepole, akachota kitu cheupe kwa ncha ya vidole, akanyunyiza juu ya ndengu zangu. Nikamwendea mbele ya watu wote.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Dawa," akasema bila kuinua kichwa.

"Dawa ya nini?"

"Ya chakula kigonjwa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakohoa. Leo hata mimi nacheka. Siku hiyo sikucheka. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimechambua kilo na kilo za ndengu kutoa mawe, na maneno yake yalinichoma. Nikamjibu jinsi mtu asivyopaswa kumjibu mzee wa umri wa baba yake.

"Kama unajua kupika kunishinda, Mzee, ingia jikoni upike. Na kama hujui, kula unyamaze."

Ukumbi ukatulia. Mzee Wafula alikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni, akasema, "Sawa, mama. Nitanyamaza."

Na kweli alinyamaza. Wiki zilizofuata aliniamkia vizuri, akapokea sahani, akala, akaenda. Mimi nikajiona nimeshinda.

Sasa nawaleta kwenye ile Jumatano.

Mtaa wetu ulikuwa na mgao wa maji. Yalikuja Jumatano, na Alhamisi mifereji ilikuwa ikikohoa tu. Nikajipangia, badala ya kuhangaika na mitungi siku ya wazee, nipike kuku siku moja mbele. Mama mmoja mjane ndiye aliyetuletea kuku kila mara, nao walikuwa wazuri siku zote. Alileta kumi na wawili, nikawapika mchuzi kwenye sufuria yetu kubwa kuliko zote, ile ya harusi, ambayo mwiko ukizama unabaki ukiona mkono wako peke yake. Saa kumi jioni walikuwa wameiva. Nikafunika kifuniko vizuri, nikaweka jiwe juu kwa ajili ya panya, nikaiacha papo hapo juu ya jiko, makaa yakizima taratibu. Friji ya kanisa ilikuwa ndogo na ilijaa maziwa. Halafu nilikuwa nimekuzwa nikiambiwa chakula cha moto huharibu friji. Nikafunga mlango nikaenda nyumbani nimejipongeza.

Asubuhi nilifunua. Na hapa nataka mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Harufu ilikuwa nzuri. Nilionja, na ladha ilikuwa nzuri, tena tamu kuliko jana yake. Hakukuwa na povu wala utelezi. Maharagwe ya Wangui yalinipa ishara. Kuku wangu hakunipa hata moja. Kwa hiyo msije mkaniambia eti ninyi mna pua kali. Kuna uharibifu ambao pua haiujui.

Nikawasha moto nikapasha. Ugali ulikuwa umenichelewesha, na wazee hawapendi chakula cha kuchoma mdomo, basi mchuzi ulipoanza kutokota pembeni nikaona umetosha. Nikaanza kupakua.

Mzee Wafula alifika kwenye dirisha la kupakulia. Aliitazama ile sufuria kwa muda.

"Huyu kuku amepikwa lini, mama?"

"Jana, Mzee."

"Akalala wapi?"

"Hapa hapa. Nilimfunika vizuri sana."

Alitaka kusema kitu. Niliona kabisa midomo ikifunguka. Kisha akanitazama usoni, akaifunga, akachukua sahani yake akaenda. Nilimfuata kwa macho. Alikula ugali, akala sukuma, kuku akamsukuma pembeni asimguse. Jirani yake siku hiyo alikuwa Cucu Teresia, ambaye alipenda mchuzi wa kuku kuliko kitu chochote. Alikunywa wake wote, akainua bakuli kuomba mwingine. Mzee Wafula aligeuka akalitazama lile bakuli. Akanitazama mimi. Akainamisha kichwa.

Mimi nilisema moyoni, huyu bado amenuna kwa ajili ya chumvi. Nikamjazia Cucu bakuli la pili.

Ijumaa asubuhi simu ililia nikiwa nafua. Ni Mwalimu Joyce, mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula.

"Nyambura, jana uliwapa wazee nini? Watu wanaendesha tumbo huku."

Walikuwa kumi na mmoja. Wote walikuwa wameamka kabla ya mapambazuko na tumbo la kukata. Wengi walipewa vile vipakiti vya dawa ya kuongeza maji mwilini, na kufikia mchana wakawa wanakaa wima na kulalamika, dalili nzuri kwa mzee. Lakini Cucu Teresia alikutwa na jirani yake wa nyumbani kitandani hawezi kuinuka, midomo imekauka, haongei. Wakampeleka hospitali.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda, nikaona kama ni blanketi tu limekunjwa. Wamemtundikia maji. Niliita jina lake, akafungua macho, akayafunga. Muuguzi wa zamu aliniambia mtu wa umri ule akipoteza maji hivyo, figo huweza kukataa kazi, na kwamba tungoje tu. Nikaketi pale nikitazama matone yakishuka. Kuna watu wanasema wakati kama huo walisali. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Saa kumi Jumatano mpaka saa saba Alhamisi. Sikujua kwa nini nahesabu, lakini nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

Alasiri nilirudi jikoni. Ile sufuria ilikuwa pale, nimeshaiosha, nikaanza kuisugua upya kama mtu aliyerukwa na akili. Nikasikia mtu anabisha hodi. Mzee Wafula. Alivua kofia, akaketi kwenye kigoda cha kumenyea viazi, magoti yakamfika kifuani.

"Teresia anaendeleaje?"

"Hajaongea."

Akaitazama ile sufuria. "Mama, wewe hujui mimi nilifanya kazi gani reli."

"Sijui, Mzee."

"Nilikuwa mpishi. Miaka thelathini na moja, treni ya usiku ya Mombasa, behewa la chakula. Nimepikia watu wakubwa, nimepikia wanajeshi, nimepikia wazungu wa likizo. Hakuna aliyeshuka treni yangu akishika tumbo." Aliigeuza kofia mikononi. "Jana nilipoiona hii sufuria, nilijua. Ni ndefu, imefunikwa, imelala moto wa uvuguvugu usiku kucha. Na mchuzi ulikuwa umechemka pembeni, katikati umelala. Nilijua kabla hujanijibu."

Mikono yangu ilisimama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwacha Cucu anywe?"

"Uliniambia ninyamaze," akasema. Kisha akatikisa kichwa haraka, kama anayejifukuzia nzi. "Hapana. Huo ni uongo. Nilikuwa na hasira. Nilisema, wacha ajifunze. Nilifikiri utajifunza wewe peke yako. Wewe ulikosea kwa kutojua, mama. Mimi nilijua nikanuna. Kati yetu mkosaji ni nani?"

Nilitaka kumkasirikia. Ningalipata nafuu kubwa. Lakini nilikumbuka ukumbi ulivyotulia siku ile, na sauti yangu mwenyewe ikisema kula unyamaze.

"Mzee," nikamwambia, "mimi ndiye niliyekufunga mdomo."



Kamati ilikutana Jumamosi. Mwalimu Joyce aliuliza kila mtu anaonaje. Mmoja akasema ni maji ya mitungi. Mwingine akasema hapana, ni yule mama anayeleta kuku, lazima alituletea waliokufa kwa ugonjwa, asikanyage hapa tena, na majirani wote waambiwe. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Yule mama hakuwepo. Alikuwa na watoto wadogo na kazi ile tu. Nawaambia ukweli, wajukuu wangu, niliona mlango umefunguliwa mbele yangu nipite. Ilikuwa ni kukaa kimya tu. Hakuna ambaye angejua.

Nilisimama.

"Kuku walikuwa wazima," nikasema. "Niliwapika Jumatano nikawaacha juu ya jiko usiku kucha, na Alhamisi sikuwachemsha sawasawa. Ni mimi."

Kabla Mwalimu Joyce hajapata la kusema, mlango ulifunguliwa, Mzee Wafula akaingia bila kualikwa. Alikuwa amesimama nje akisikiliza. "Na mimi niliona nikanyamaza," akasema. "Kama mnaandika majina, andikeni mawili."

Walitutoa nje wakajadiliana. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa, tukitazama akina mama wa usafi wakipiga deki. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba kazi imekwisha. Walimwita Mzee Wafula ndani tena kidogo, na Mwalimu Joyce alipotoka alisema jiko litafungwa wiki mbili, bwana afya aje akague, na mimi nisirudi kwenye jiko mpaka Mzee Wafula aseme nimeiva.

"Nimeiva?" nikauliza.

"Ndiyo neno alilotumia mwenyewe," akasema Mwalimu, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka.

Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi nikiwa na miaka hamsini. Mzee Wafula alifundisha kama alivyopika, bila maneno mengi na bila huruma. Chakula, alisema, kiwe cha moto wa kuchoma ulimi au cha baridi ya kuuma meno. Katikati hapo ndipo ugonjwa unapopenda kukaa. Nikamkumbusha wateja wetu hawana meno. "Basi ya kuuma fizi," akasema.

Alinionyesha kwamba sufuria ndefu ni kama mtu aliyejifunika mablanketi matatu. Nje inapoa, ndani bado kuna joto la usingizi, na vijidudu vilivyopona kwenye moto vinaamka humo vinazaana. Kwa hiyo chakula cha kuweka, usikiache kwenye sufuria uliyopikia. Kigawe kwenye trei au sinia pana, kina kisizidi vidole vitatu. Weka trei kwenye beseni la maji baridi, koroga, acha mvuke utoke, ndipo ufunike na uingize kwenye friji. Yote yaishe ndani ya saa mbili tangu kuepua. Na lile neno la chakula cha moto kuharibu friji, alisema ni kweli kwa sufuria nzima, si kwa trei iliyotoa mvuke. Kama huna friji, pika cha kuisha. Wangui nilimwambia hivyo hivyo. Apike maharagwe kikombe kimoja. Au ayachemshe bila kuunga, ayagawe kwenye mikebe midogo, aombe nafasi kwenye friji ya rafiki yake wa chini.

Ukipasha, pasha chote, ukikoroga mpaka chini, hadi kitokote katikati na si pembeni tu. Pasha mara moja tu. Kilichobaki baada ya hapo si chakula tena. Wali nao msiuonee huruma, ukikaa mezani tangu mchana mpaka jioni unaumiza tumbo kama nyama tu. Na kuku mbichi msimwoshe chini ya mfereji, maji yake yanaruka mpaka kwenye vikombe. Nilikuwa nimefanya hivyo maisha yangu yote. Ubao wa kukatia nyama nilichora msalaba mwekundu ili usikutane na kachumbari.

Habari ya chumvi niimalize hapa kabla sijasahau. Siku ya tatu ya mafunzo nilimtazama miguu nikamwambia, "Mzee, wewe umenifundisha kupoza. Sasa mimi nikufundishe kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Lete hiyo karatasi ya mfukoni."

Alikataa, tukabishana hadi chai ya saa nne. Mwishowe tukakubaliana kwamba nikiweza kupika ndengu bila chumvi na yeye mpishi wa treni akamaliza sahani, ataitoa. Nilikaanga vitunguu polepole sana mpaka vikawa rangi ya kahawia, nikatia saumu na tangawizi nilizotwanga, nyanya nikazipika mpaka mafuta yakajitenga, mabua ya dania nikayatwanga badala ya kuyatupa, na wakati wa kuepua nikakamulia limau. Uchachu hudanganya ulimi ukadhani chumvi ipo. Alikula kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu kitu kisichohitaji kutafunwa.

"Bado ni kigonjwa," akasema. "Lakini kinaendelea vizuri."

Alimaliza sahani. Karatasi nikaitupa kwenye jiko. Haikuwa mwisho wake, nilimkamata na nyingine mbili mwaka huo, ila kabla ya Krismasi alikuwa anafunga kamba za viatu.

Cucu Teresia aliongea siku ya tatu hospitalini. Neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza muuguzi kama uji ule umepikwa na mtu ama umetengenezwa na fundi rangi. Nilipoambiwa nilicheka nikiwa njiani peke yangu, watu wakanitazama. Lakini kurudi kwetu hakurudi. Jiko lilifunguliwa, Jumanne ikapita, Alhamisi ikapita, kiti chake kitupu. Majirani walisema ana nguvu za kutosha, ila ameapa hatakula chakula cha ukumbini tena. Sikumlaumu.

Jumanne ya tatu nilikuwa napakua kuku. Nilikuwa nimewapika asubuhi ile ile, Mzee Wafula amesimama kando yangu na aproni iliyomfika nusu ya mapaja. Nikaona vichwa vimegeuka. Cucu Teresia alikuwa mlangoni na fimbo yake. Alitembea polepole, hakuketi, akaja moja kwa moja kwenye dirisha la kupakulia.

"Ni nini hicho?"

"Ni kuku, Cucu," nikasema.

"Amepikwa lini?"

"Leo asubuhi. Saa tatu."

Akamgeukia Mzee Wafula. "Na wewe unayejua na husemi. Leo una la kusema?"

Mzee Wafula alichukua bakuli, akajipakulia mchuzi, akaunywa wote akiwa amesimama mbele yake, mpaka tone la mwisho. Akapangusa mdomo. "Ni hilo tu," akasema.

Cucu alimtazama kama anayengoja aanguke. Kisha akaweka fimbo chini ya kwapa, akanyoosha mikono yote miwili. Nilimpa bakuli. Akaenda kuketi mahali pake, nami nikaacha kupakua, nikasimama nikimtazama. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Alikunywa polepole, macho yamefumbwa nusu. Alipomaliza, aliinua bakuli juu bila kugeuka, jinsi alivyofanya sikuzote, kuomba jingine.

Nilimpelekea. Kisha nikarudi jikoni, nikasukuma mlango, nikalia mbele ya sinki kama mtoto, huku nje watu wanagonga sahani wakiuliza ugali uko wapi.

Mzee Wafula aliingia nyuma yangu. Hakunipa pole. Aliokota kitunguu kwenye kikapu, kikubwa, chekundu, akakiweka mkononi mwangu pamoja na kisu.

"Kata hiki," akasema. "Wakikuuliza, uwaambie ni kitunguu."

Nilikikata. Nilipotoka waliniuliza, nikawaambia ni kitunguu, na mpaka leo wanaamini hivyo.